MADA YA TISA: HAKI ZA MDAIWA NA MIPAKA YA MDAI

Malengo mahususi

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

1. kutofautisha mdai, mdaiwa, mdhamini na dhamana;
2. kukokotoa gharama halisi ya mkopo wa muda mfupi;
3. kubainisha vitendo ambavyo mdai haruhusiwi kuvifanya anapodai fedha zake;
4. kueleza hatua za kuchukua mdaiwa anapotishwa au kudhalilishwa;
5. kuandika barua rasmi ya malalamiko.

9.1 Utangulizi

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Mada hii haipingi methali hiyo. Aliyekopa kwa hiari yake hana budi kurejesha alichokopa pamoja na riba waliyokubaliana. Hata hivyo, methali hiyo haisemi kwamba mdai anaruhusiwa kutukana, kutisha, kusambaza picha za mdaiwa au kubeba sufuria zake. Deni ni la fedha. Halimpi mdai mamlaka juu ya utu wa mdaiwa.

Nchini Tanzania mikopo midogo imeenea mijini na vijijini. Mingine hutolewa na taasisi zenye leseni, mingine na watu binafsi, na mingine kwa programu za simu zinazotoa fedha ndani ya dakika chache. Mikopo yenye riba kubwa na marejesho ya harakaharaka watu wameipa jina la kausha damu.

Huenda wewe mwanafunzi hujakopa. Lakini inawezekana wewe ndiye msomaji mzuri kuliko wote nyumbani kwenu. Siku mzazi au mlezi wako akipokea ujumbe wa vitisho, atakupa simu na kukwambia, "Hebu nisomee, wanasemaje hawa?" Ukiijua mada hii, utaweza kumsomea na kumweleza pia la kufanya.

Zingatia: Sheria zinazotajwa katika mada hii ni zile zinazotumika Tanzania Bara.

9.2 Maana ya istilahi

Mdai ni mtu au taasisi inayostahili kulipwa fedha.

Mdaiwa ni mtu anayepaswa kulipa fedha hizo.

Mdhamini ni mtu aliyekubali kwa hiari yake kulipa endapo mdaiwa atashindwa. Kuwa jirani, ndugu, mwalimu au rafiki wa mdaiwa hakumfanyi mtu kuwa mdhamini. Namba yako kuwemo kwenye simu ya mdaiwa hakukufanyi mdhamini pia.

Dhamana ni mali iliyotajwa katika mkataba ili mdai aitegemee endapo deni halitalipwa.

Riba ni malipo ya ziada juu ya fedha iliyokopwa.

Marejesho ni fedha inayolipwa kwa awamu hadi deni liishe.

9.3 Mfano wa kujifunzia

Soma kwa makini. Mfano huu utatumika katika sehemu zote zinazofuata.

Chukulia kuwa mama lishe mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, anahitaji mtaji wa kununua mchele na mkaa. Anapakua programu ya mikopo kwenye simu. Programu inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, naye anabonyeza "kubali" bila kusoma. Anaomba shilingi 200,000. Zinazoingia kwenye simu ni shilingi 160,000, kwa kuwa shilingi 40,000 zimekatwa kama "gharama za huduma". Anatakiwa kulipa shilingi 240,000 ndani ya siku 14.

Wiki ya pili mvua inanyesha mfululizo na wateja wanapungua. Siku ya 14 inapita akiwa na nusu tu ya fedha. Yafuatayo yanatokea:

(a) Siku ya 15 anapigiwa simu mara nyingi, hata usiku wa manane, na kutukanwa.
(b) Siku ya 16 watu waliomo kwenye simu yake, akiwemo mwalimu wa mwanawe na kiongozi wa kwaya, wanapokea ujumbe usemao kuwa yeye ni mwizi na kwamba wao ni wadhamini wake.
(c) Siku ya 17 picha yake inawekwa kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na maneno "Anatafutwa".
(d) Siku ya 18 anaambiwa, "Usipolipa leo tunakuja na polisi, unalala ndani."
(e) Siku ya 19 vijana wawili wanafika genge lake na kubeba sufuria na majiko.

9.4 Kukokotoa gharama halisi

Kabla ya kuangalia sheria, tuangalie hesabu. Wakopaji wengi hulinganisha kiasi walichoomba na kiasi watakacholipa. Kinachotakiwa ni kulinganisha kiasi kilichofika mkononi na kiasi kitakacholipwa.

Fedha iliyofika mkononi = 160,000
Fedha ya kulipa = 240,000
Gharama ya mkopo = 240,000 − 160,000 = 80,000

Asilimia ya gharama = (80,000 ÷ 160,000) × 100 = 50%

Gharama kwa siku = 80,000 ÷ 14 = takribani shilingi 5,714

Kwa hiyo mama lishe huyu amelipishwa nusu ya fedha aliyopokea, na kwa wiki mbili tu. Ili asipate hasara, biashara yake lazima imwachie zaidi ya shilingi 5,714 kila siku baada ya kutoa gharama zote, bila kukosa siku hata moja. Hesabu hii angeweza kuifanya kabla ya kubonyeza "kubali". Ifanye pamoja na mtu yeyote wa nyumbani anayetaka kukopa.

9.5 Sheria inasemaje?

Sasa turudi kwenye matukio matano ya mfano wetu.

Tukio (a): Matusi na usumbufu wa simu

Ibara ya 12 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake. Mdaiwa hapotezi haki hiyo kwa kuchelewa kulipa. Aidha, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Kukumbusha deni kwa lugha ya staha kunaruhusiwa. Kutukana hakuruhusiwi.

Tukio (b): Kuwatumia ujumbe watu wa kwenye simu

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zitumike kwa lengo hilo. Namba ya mwalimu ni taarifa ya mwalimu, na mwalimu hakumpa mkopeshaji ruhusa yoyote. Kwa hiyo, hata mtu asiyedaiwa chochote anaweza kulalamika iwapo namba yake imetumika kumdhalilisha mwingine. Anayesimamia sheria hii ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuwaita watu hao wadhamini ni uongo. Udhamini hutokana na makubaliano, na hawa hawakukubaliana na mtu.

Tukio (c): Picha yenye maneno "Anatafutwa"

Mtu aliyeshindwa kulipa kwa wakati si mwizi, na kumtangaza hivyo ni kumchafulia jina. Mama lishe anaweza kuripoti polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, na anaweza pia kufungua shauri la madai kwa kuchafuliwa jina.

Tukio (d): Kutishiwa polisi na mahabusu

Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai. Mdai anayetaka kulipwa kwa nguvu ya sheria hufungua shauri mahakamani, na mdaiwa huitwa ili asikilizwe. Afisa mikopo hana mamlaka ya kumkamata mtu wala kumweka ndani.

Usichanganye hapa: aliyekopa kwa nyaraka za kughushi au kwa kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ametenda jinai, na kosa hilo ni la polisi. Lakini kwa mama lishe wetu, aliyekopa kwa jina lake na kukwama kwa sababu ya mvua, tishio la mahabusu ni vitisho tu.

Tukio (e): Kubeba vyombo

Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali. Mdai asiye na amri ya mahakama hawezi kuingia na kujichukulia chochote. Mali iliyowekwa dhamana ni jambo jingine: mkataba unaweza kumpa mdai haki ya kuiuza, lakini kwa taarifa na utaratibu wa kisheria, si kwa kuvamia. Tena, ikiwa dhamana hiyo ni nyumba ya familia, mume au mke haruhusiwi kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hata mdai aliyeshinda shauri mahakamani hawezi kukamatiwa kila kitu cha mdaiwa. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaziondoa baadhi ya mali katika ukamataji. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za fundi na za mkulima. Ikiwa dalali wa mahakama mwenye amri mkononi amewekewa mipaka hiyo, vijana wawili wasio na karatasi yoyote wana mamlaka gani ya kubeba sufuria?

9.6 Nani anasimamia wakopeshaji?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne:

Daraja la kwanza: benki na taasisi zinazopokea amana.
Daraja la pili: kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo wanaokopesha kwa njia ya simu.
Daraja la tatu: vyama vya ushirika vya akiba na mikopo (SACCOS).
Daraja la nne: vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, kama vile VICOBA.

Mkopeshaji wa daraja la pili anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zilitolewa mwaka 2019. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu kwa wanaokopesha kidijiti, na Novemba mwaka huohuo ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Orodha ya wenye leseni hupatikana kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kwa hiyo, swali la kwanza kabla ya kukopa ni hili: huyu ana leseni?

9.7 Hatua za kuchukua

Mtu wa nyumbani akisumbuliwa na mdai, msaidie kufuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Tulia, usijibu matusi kwa matusi. Ujumbe wa hasira unaweza kutumika dhidi yako.

Hatua ya 2: Tunza ushahidi. Usifute ujumbe hata kama unaudhi. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Katika daftari, andika kila simu iliyopigwa: namba, saa na maneno yaliyosemwa. Waombe waliotumiwa ujumbe nao wautunze.

Hatua ya 3: Hakiki deni. Tafuta mkataba. Andika kiasi kilichopokelewa, kilicholipwa na kilichobaki. Omba taarifa ya deni kwa maandishi.

Hatua ya 4: Lipa kwa njia yenye kumbukumbu. Usimpe fedha taslimu kijana aliyekuja mlangoni wala usitume kwenye namba binafsi. Tumia namba rasmi ya kampuni na utunze ujumbe wa muamala.

Hatua ya 5: Lalamika kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe. Pendekeza mpango wa malipo unaowezekana.

Hatua ya 6: Usiporidhika, peleka lalamiko Benki Kuu. Suala la matumizi ya namba na picha lipeleke pia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 7: Penye vitisho, uvamizi au kuchukuliwa mali, nenda kituo cha polisi mara moja, eleza, na uchukue namba ya RB. Mjulishe pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Asiye na fedha ya wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo hutolewa bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

9.8 Wajibu wa mdaiwa

Haki huenda pamoja na wajibu. Mdaiwa anapaswa:

(i) kusoma mkataba kabla ya kuukubali;
(ii) kutoa taarifa za kweli;
(iii) kulipa kwa wakati;
(iv) kumjulisha mdai mapema anapoona mambo yanakwama, badala ya kuzima simu au kuhama mtaa;
(v) kutokopa kwa mmoja ili kumlipa mwingine.

Wajibu wa mwisho ndio unaowaangusha wengi. Anayelipa kausha damu kwa kausha damu nyingine hapunguzi deni, bali anaongeza idadi ya wadai. Ni afadhali kutafuta mkopo nafuu mapema. Kwa mfano, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

9.9 Mfano wa barua ya malalamiko

                                        S.L.P. ......,
                                        DAR ES SALAAM.
                                        Tarehe ......

Meneja,
Kampuni ya Mikopo ......,
S.L.P. ......,
DAR ES SALAAM.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NJIA ZA KUDAI MKOPO NAMBA ......

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu. Nilipokea shilingi 160,000 tarehe ...... na nilitakiwa kulipa shilingi 240,000 tarehe ...... Silikatai deni hili.

Ninalalamikia njia zinazotumika kunidai. Tarehe ...... saa ...... nilitukanwa kwa simu kutoka namba ...... Tarehe ...... watu waliomo kwenye simu yangu walitumiwa ujumbe kuwa mimi ni mwizi. Tarehe ...... vyombo vyangu vya kazi vilichukuliwa bila amri ya mahakama. Nakala za ujumbe huo nimeziambatanisha.

Ninaomba mambo manne: mnirudishie vyombo vyangu, mwache kuwasiliana na watu wasiohusika na mkopo huu, mfute ujumbe na picha mlizosambaza, na mnipe taarifa ya deni kwa maandishi. Napendekeza kulipa shilingi ...... kila wiki kuanzia tarehe ......

Nisipopata jibu la kuridhisha, nitapeleka lalamiko hili Benki Kuu ya Tanzania na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
(Jina kamili)

Angalia sentensi fupi katika aya ya kwanza: "Silikatai deni hili." Anayekiri deni na kulalamikia njia tu, hoja yake inakuwa na nguvu zaidi kuliko ya anayekana kila kitu.

9.10 Zingatia katika mtihani

Epuka makosa haya:

1. Kuandika kwamba mdaiwa akidhalilishwa deni linafutika. Deni linabaki; kosa la mdai ni jambo la pili linaloshughulikiwa peke yake.
2. Kuandika kwamba mdai hawezi kumfanya lolote mdaiwa. Anaweza kukumbusha, kutoza riba iliyo kwenye mkataba na kwenda mahakamani.
3. Kuchanganya dhamana na mdhamini. Dhamana ni mali, mdhamini ni mtu.
4. Kutaja haki bila kutaja sheria au Ibara inayoilinda.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya shauri la madai na kosa la jinai kwa kutumia mfano wa mkopo.
2. Mkopaji aliomba shilingi 100,000, akapokea shilingi 85,000, na akatakiwa kulipa shilingi 115,000 baada ya siku 10. Kokotoa (a) gharama ya mkopo, (b) asilimia ya gharama kwa fedha aliyopokea, (c) gharama kwa siku.
3. Mwanafunzi wa miaka 16 amepigiwa simu na kuambiwa alipe deni la mjomba wake kwa kuwa namba yake ilikuwa kwenye simu ya mjomba. Mshauri.
4. "Dawa ya deni ni kulipa." Jadili methali hii ukizingatia haki za mdaiwa. Toa hoja sita.
5. Andika barua kwa Benki Kuu ya Tanzania ukilalamikia mkopeshaji asiyejibu barua iliyo katika 9.9.

Majibu ya maswali teule

2. (a) 115,000 − 85,000 = shilingi 30,000. (b) (30,000 ÷ 85,000) × 100 = 35.3%. (c) 30,000 ÷ 10 = shilingi 3,000 kwa siku.

3. Mwanafunzi huyu hadaiwi. Kwanza, hakukubali kuwa mdhamini. Pili, hajatimiza miaka 18, hivyo chini ya Sheria ya Mikataba hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba wa namna hiyo. Asitume fedha yoyote. Atunze namba na saa ya simu hiyo, amweleze mzazi au mlezi, na kwa msaada wao alalamike kwa mkopeshaji na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Amjulishe pia mjomba wake kwa heshima na faraghani, bila kumsimanga, kwani yamkini mjomba naye amekwisha kutukanwa vya kutosha.